Donge Kifuani

Mama Ciru aliniandikia mwezi uliopita kwamba chai ya pinki ya mwaka huu pale kanisani itakuwa ya Nyota. Alitumia maneno hayo hayo, "itakuwa ya Nyota," utadhani Nyota ameshinda kitu. Ukumbi umepatikana, mtu wa keki amepatikana, na mimi nilitakiwa nivae chochote cha pinki na kuandaa "neno fupi la matumaini". Kisha akanitumia picha ya bango. Nyota yuko katikati, amevaa ile riflekta ya pinki ya kazini, anacheka kwa meno yote, na karibu na shavu lake wameweka ule utepe uliokunjwa kama samaki aliyekatwa kichwa. Chini yake, kwa herufi za kusomeka kutoka barabarani: JE, UNA DONGE KIFUANI? USIKAE NALO. ZUNGUMZA NA MTU LEO. Nilikuwa na kikombe mkononi. Nilikitua mezani taratibu, maana nilijijua, kingeweza kwenda kokote.

Wenzangu wakiandika kumbukumbu huandika ujana: shule, mapenzi, safari ya kwanza. Mwaka ulionifundisha mimi ulinikuta nimeshavuka hamsini, nimekaa jikoni Granville na kandambili zisizofanana. Mimi ni mtu wa ndani. Tangu Tanga waliniita Hilda Kizingiti, kwa sababu sikukivuka ila kwa msiba au kwa chumvi kuisha. Nilimaliza kidato cha nne bila kujua uwanja wa mpira wa shule ulikuwa upande gani. Kwa hiyo mwaka wa pili wa korona, walipotangaza kwamba sisi wa magharibi ya Sydney tusitoke ila kwa sababu maalumu, na helikopta zikawa zinazunguka juu ya mapaa yetu kuhakikisha, wenzangu waliona jela. Mimi niliona serikali imechukua tabia yangu na kuifanya sheria. Baadaye wakaongeza kwamba anayeishi peke yake anaruhusiwa mgeni mmoja, huyo huyo, habadilishwi. Watu waliteseka kuchagua. Mimi rafiki nilikuwa naye mmoja. Hata ningepiga kura, angepita bila kupingwa.

Nyota alikuwa Mkongomani wa Uvira, anakaa mtaa wa nyuma yangu, anafanya kazi ghala moja la Smithfield wakipakia sabuni na shampuu. Siku ya kwanza tulipojuana aliniita yaya. Kwetu yaya ni mfanyakazi wa kulea watoto, nikanuna palepale. "Yaya? Mimi nimemlea nani?" Akashangaa. "Kwetu yaya ni dada mukubwa." Kisha akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa, akasema, "Lakini kama unataka kazi, utanilea mimi." Ndivyo tulivyoanza, kwa neno moja lenye maana mbili, na sikujua kwamba maneno ya namna hiyo yangeendelea kutufuata.

Mwaka ule alikuja kwangu kila alipotoka shifti, bado harufu ya shampuu ya matofaa iko kwenye nywele zake, huku ya kwangu ni ya vitunguu. Alileta sombe, kile kisamvu chao, iliyogandishwa kutoka duka la pale stesheni, mimi nikasonga ugali, yeye akaukosoa. "Huu si ugali, yaya, huu ni uji umekasirika." Tulikula mezani, dirisha wazi kwa ajili ya korona, treni zinapita tupu chini yetu zikiwa zimewasha taa zote. Alinitania kwa kutotoka. "Siku wakifungua nchi, wewe watakufungulia na spana." Nami nilimtania kwa kucheka kwake, maana alikuwa anacheka kabla ya kumaliza kusimulia, ikabidi hadithi uidai kwa nguvu. Nikikumbuka jiko lile sasa, kinachoniuma si kwamba tulikuwa na huzuni. Tulikuwa tumeshiba.

Kipeperushi kilitufikia kwa simu, katika kundi la kina mama wa kanisa, mwezi wa pinki, ule wa kuhimizwa kupima matiti, ulipokuwa unakaribia. Kilikuwa cha lugha nyingi na sisi tulipewa chetu cha Kiswahili. Kile cha Kiingereza nilikisoma baadaye sana, nacho kilisema wazi: uvimbe, titi, daktari. Aliyetufasiria simjui. Nadhani ni mtu mwenye adabu zake. Neno titi lilimtia haya, akaandika kifua. Uvimbe akaona hauna uzito, akaandika donge. Daktari akageuka kuwa mtu, sijui kwa nini, labda nafasi ilikuwa imekwisha. Na picha: ua moja, utepe mmoja, na mwanamke anayetazama ziwa lenye maji. Katika kampeni nzima ya titi, kitu pekee ambacho hakikuonekana wala kutajwa kilikuwa titi.

Jumamosi ile tulikutana kwenye Zum. Simu yangu niliiegemeza kwenye kopo la sukari, Nyota kando yangu anachambua mchele. Mama Mchungaji, ambaye ni Mtanzania mwenzangu, alikisoma kipeperushi kwa sauti ya madhabahuni, akasema, "Wapendwa, ujumbe huu umenigusa. Ni wangapi tuna madonge vifuani?"

Mama Ciru, mwenyekiti wetu, ni wa Nyeri. "Mimi donge ninalolijua ni lile donge nono la pesa," akasema. "Hilo likinikaa kifuani, ng'o, silitoi."

Tukacheka wote. Mama Mchungaji akamweleza kwa upole kwamba kwetu mwenye donge ni mwenye kinyongo, amemwekea mtu kitu moyoni kikakataa kushuka. Hakudanganya. Hata mimi ndivyo nilivyolijua neno hilo, nimelirushia watu wengi tu barazani, "umeona donge!" Basi pale pale ukazaliwa mwezi wa kuondoa donge: kila mama ampigie simu aliyemkosea, amsamehe, halafu aje ashuhudie. Wakaanza kujitokeza. Mmoja alikuwa na donge la wifi. Mwingine la jirani na pipa la taka. Ndipo Nyota akaweka sinia chini, akasogeza uso kwenye simu.

"Mimi niko nalo," akasema. "Donge. Tangu mbele ya kufungiwa."

"Asante kwa ujasiri wako, dada," akasema Mama Mchungaji. "Ni nani?"

"Nani nini?"

"Aliyekukosea."

Nyota alinigeukia, kisha akairudia simu. "Ni ya upande wa kushoto."

"Upande wa moyo kabisa! Mnaona, wapendwa? Dada amelitambua mpaka mahali lilipo. Tumwombee."

Wakafumba macho wote katika vile vidirisha vyao, wakaanza kumwombea roho ya kusamehe. Nyota hakufumba. Alinishika mkono chini ya meza, akaupandisha, akauweka pale kushoto. Chini ya kitenge kulikuwa na kitu kigumu, kama kokwa la tende, na nilipokigusa hakikusogea. Nilimtazama. "Kwetu tunasema kivimbe," akaninong'oneza, "lakini kumbe Kiswahili ya serikali ni donge." Kwenye simu wakasema amina.

Nilimwambia kesho yake asubuhi ampigie daktari, na hakubisha. Vituo vya kupima matiti vilikuwa vimesimamishwa kwa ajili ya korona, na madaktari wengi walikuwa wanatibu kwa simu. Nyota aliomba mkalimani, kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa cha ghala: boksi, lifti, breki, nenda, rudi. Walipomwunganisha, sauti ya mkalimani ilikuwa ya mzee wa pwani, laini, yenye heshima zake, na mimi nikaona mwili ni wa mwenyewe, nikatoka barazani nikafunga mlango wa kioo. Nilimwona kupitia kioo. Alikuwa amekaa wima kama yuko mbele ya hakimu, mkono umelala pale pale penyewe, akizungumza. Sikio langu lilipata vipande tu. "Niko na donge, papa. Ku kifua. Linanisumbua sana." Asingeweza kumtajia mzee wa watu ziwa lake. Akatumia maneno aliyofundishwa na kipeperushi, akayashika kama mwanafunzi mwema, na mkono wake ukaeleza yaliyobaki. Lakini simu haioni mkono.

Alinifungulia kioo akiwa anacheka. "Dokta ni muzuri, yaya. Hana haraka hata. Na ule mzee ameniambia pole, binti yangu, mara mingi. Wananituma kwa spesialisti!" Spesialisti! Nilikaanga samaki mzima siku hiyo, nikaweka na limau. Tulikula tukiisifu nchi yenye madaktari wa kubembeleza.

Spesialisti alipiga simu baada ya majuma kadhaa. Siku hiyo Nyota alikuwa kwake, hivyo mimi nilipata habari mezani, kati ya tonge na tonge. Nikamwuliza amepimwa lini. Akasema bado, kwanza wanauliza. Wanauliza nini? "Namna ninalala. Nikamwambia ku ubavu wa kulia, maana kushoto kunauma. Akasema asante kwa kumwambia." Na nini tena? "Nyumbani kulikuwa namna gani, vita, watu niliwaacha." Niliona ajabu, lakini Nyota alikuwa na maelezo yake: hapa wanaanza na roho ndipo washuke kwenye nyama. Na kusema kweli ilisikika kama kitu cha Waastralia.

Katikati ya hayo ndipo ikaja ile riflekta. Ghala lao liliamua mwezi ule wafanyakazi wote waache riflekta za kijani wavae za pinki, na kila mtu akapewa keki ndogo iliyofungwa peke yake kwenye nailoni kwa ajili ya korona. Bosi akaja na mpiga picha. Alipita safu nzima, akamtoa Nyota: wewe una tabasamu zuri kuliko wote. Wakamsimamisha mbele ya maboksi, wakamwambia aweke kidole gumba juu. Alikuja nayo kwangu jioni akiwa bado ameivaa, utepe umechapwa mgongoni na kifuani.

"Yaya, kwetu hii utepe ni ya SIDA, ile ukimwi yenu. Nikimutumia mama hii picha, ataanza matanga."

"Wamekueleza hii ni ya nini?"

"Banasema ni ya awareness, ya kuamka. Watu waamke."

"Waamke?"

"Mimi naamka saa kumi ya asubuhi kila siku," akasema, akivua ile riflekta na kuitundika nyuma ya kiti changu. "Haitoshi?"

Tulicheka sana. Nakiandika kicheko hicho hapa kwa makusudi, kwa sababu bango linaonyesha kingine, kile cha mpiga picha, na watu wakikiona wanasema alikuwa jasiri. Hakuwa jasiri siku ile. Alikuwa kazini.

Simu ya pili ya spesialisti ilimkuta jikoni kwangu. Nilikuwa nakanda chapati, mikono imo kwenye unga mpaka vifundoni, kwa hiyo safari hii sikutoka. Akaweka spika, simu juu ya kopo lile lile la sukari. Mkalimani alikuwa binti, Kiswahili chake cha Nairobi, kinakimbia. Spesialisti alisema jambo kwa Kiingereza, sauti ya kitoto, ya huruma. Mkalimani akasema, "Anauliza, huyu mtu aliyekufanya uwe na hili donge, angekuwa amekaa hapo mbele yako, ungemwambia nini?"

Nyota alinitazama. Kwa mara ya kwanza sikuona dalili ya kicheko. "Yaya, banauliza nani aliniwekea."

Nilichukua simu na unga wangu. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, na siku ile kilitoka chote kwa mpigo. Nikamwambia yule dada hakuna mtu. Hakuna aliyemkosea. Nikasema lump, nikasema bresti, nikasema la kushoto, nimelishika kwa mkono wangu huu, ni gumu. Kisha ile sauti ya kitoto ikasema taratibu, "Oh, my God." Alikuwa ndiye wa kwanza kumwelewa Nyota, na Kiswahili hakujua hata neno. Yeye ni mwanasaikolojia, akatueleza. Daktari alimletea mwanamke mwenye uchungu wa moyoni asioweza kuuachilia. Alifanya kazi siku ile kuliko wote waliotangulia, na mpaka leo simlaumu. Wala mzee wa pwani simlaumu, kama mnataka kujua. Alifasiri neno alilopewa, na alilifasiri vizuri.

Daktari wa hospitali, tulipofika, hakusema mmechelewa. Wa huku hawasemi. Alisema, "Tuanzie hapa tulipo." Nikamwuliza, je, kama tungekuja wakati alipopiga simu ya kwanza? Akasema ni vigumu kujua. Nimelirudia swali hilo kwa kila mwenye koti jeupe aliyenikaribia, na wote wamenipa jibu hilo hilo, kwa sauti ile ile, mpaka nimetambua kwamba nalo ni aina ya utepe: linabandikwa juu ili usione kilicho chini.

Tangu hapo Hilda Kizingiti akavuka kizingiti. Nilijua mabasi yote, lifti ipi inakwama, kantini gani ina chai isiyonuka kahawa. Alipoanza kunyonyoka nywele nilimnyoa mwenyewe barazani, akaniambia nimemfanya afanane na mjomba wake. Uji nilimpikia wa ulezi, akiutapika namchemshia mwingine, na siku akiweza kumaliza bakuli tulikuwa na sherehe. "Unaona, yaya?" alisema mara moja, nikiwa nampangusa mdomo. "Nilikuambia utanilea." Mama Mchungaji alikuja kumwona masharti yalipolegea, ameleta keki ya pinki. Alilia kwa dhati, sisemi hakulia. Barabarani nilipokuwa namsindikiza akanishika bega. "Masikini, kumbe ni kansa. Kwa nini hakusema, jamani?"

Nikamjibu, "Alisema. Mbele yenu wote, na kwa neno mlilompa." Akaniangalia kwa huruma, kama mtu aliyefiwa anayeropoka. Nyota alikuwa bado hai wakati huo. Alikufa baridi iliyofuata, mchana, mvua inanyesha, na riflekta ya pinki bado imetundikwa nyuma ya kiti changu kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuidai.

Basi nilimpigia Mama Ciru kuhusu bango. Nikamwambia wabadilishe maneno. Akanung'unika. "Da Hilda, hiyo imeshaprintiwa. Na sasa nitaandika titi kwa ukumbi wa kanisa, na hao wazee wote wako? Mimi siwezi, woiye. Watu wanaelewa tu." Nikamwambia sawa, nitakuja. Alifurahi. Hakunijua vizuri.

Nilikwenda nimevaa kitenge cha kahawia. Meza zilikuwa na vitambaa vya pinki, sambusa, keki, na mbele ya kila kikombe kipeperushi kile kile, kimechapwa upya kwenye karatasi nzuri zaidi. Nyota alikuwa ukutani, kidole gumba juu. Waliponiita nilisimama bila karatasi. Nikasema, "Nyota alikufa kwa kansa ya titi." Vikombe vikatulia. "Titi. Kwao wanasema ziwa. Mtoto anasema nyonyo. Chagueni mnalolitaka, lakini si kifua. Kifua ni cha kikohozi." Wazee wakazitazama sambusa kwa bidii. Nikawaambia kina mama waweke mkono. Wakaweka juu, karibu na shingo. "Siyo hapo, hapo ni pa kuapia. Shukeni." Mama Ciru akacheka, halafu hakucheka. Polepole, chini ya mitandio na vitenge, mikono ikashuka. Nikawaambia donge maana yake ni uvimbe, na ukiukuta usimsamehe mtu, usizungumze na mtu. Mwambie daktari neno titi, na mkalimani akiwa mzee, mwambie mara mbili. Nikakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Meza ya nyuma mama mmoja nisiyemjua hakuutoa mkono wake wenzake walipotoa. Alibaki ameinama, anatafuta.

Mlangoni Mama Mchungaji aliniwahi. Utepe wake alikuwa ameubana kwa pini juu karibu na bega, mbali na panapohusika. Alinishika mikono yote miwili.

"Da Hilda, maneno yako yana ukali. Nakujua umeumia. Lakini usikae na donge, mama. Samehe."

"Hili langu, Mama Mchungaji," nikamwambia, "nitakaa nalo."